Mgeni wa Gunia

Mwezi wa Desemba uliopita niliingia katika duka moja la kahawa pale Nizwa, Oman, mojawapo ya yale yaliyofunguliwa ndani ya nyumba za udongo za zamani. Mwenye duka alikuwa ametundika magunia matupu ukutani, kwa pambo. Nikiwa nangojea kikombe changu nikavuta pumzi, na ile harufu ikanishika: katani kavu, vumbi, na kitu kama majani yaliyolala stoo mwaka mzima. Nikalisogelea gunia moja nikatia pua. Binti yangu Ruqaya, ambaye ana miaka kumi na mmoja na huona haya kwa niaba ya dunia nzima, akanivuta abaya. "Mama, watu wanatazama."

Wacha watazame. Mimi sikuwa Nizwa tena. Nilikuwa Ibra, nina miaka tisa, kichwa changu kimo ndani ya gunia, natoka jasho katikati ya baridi, na nimejizuia kucheka mpaka mbavu zinauma.

Nikuelezeni tangu mwanzo, maana jambo lenyewe ukilieleza nusu mtu atadhani unatunga.

Nyumba yetu ya Ibra ilikuwa ya ghorofa moja, na uani mlikuwa na sakafu ya saruji iliyopasukapasuka, geti la chuma la kijani upande mmoja na tangi la maji upande wa pili. Kati ya geti na tangi palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na kiti cha Bibi, mama yake baba. Bibi alizaliwa Lushoto, juu kabisa milimani huko Tanganyika, ambako baba yake, Mwarabu wa Ibra, alikuwa na duka. Alirudi Oman miaka ya sabini pamoja na mume na watoto, Kiarabu chake kikiwa kimeota kutu. Kwa hiyo sisi tulisema Kiarabu shuleni na kwa jirani, lakini ukivuka lile geti la kijani ni Kiswahili tu, na ole wako uingie bila shikamoo.

Kila mwaka, shule zikifungwa likizo ya katikati ya mwaka wa masomo na baridi imeanza kuuma, Bibi alikuwa na siku yake. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya likizo, baada ya sala ya alasiri. Alikaa kwenye kiti chake, shali la sufi mabegani, mbele yake sinia la vitumbua, tende na birika la kahawa. Sisi tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukajivika gunia kutoka kichwani mpaka magotini, lenye matundu mawili ya macho, tukazunguka nyumba na kubisha geti kwa fimbo, mara tatu. Bibi alisema, "Karibu, nisiyekujua." Tukaingia mmoja mmoja.

Masharti yalikuwa machache, na Bibi aliyashika kama kadhi. Mgeni wa gunia hasemi. Mwenye nyumba anataja majina matatu. Akikutambua, unavua gunia, unakaa, unakula. Akishindwa mara zote tatu, mgeni anaomba kitu kimoja, chochote, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumnyima. Hilali, kaka yangu, aliwahi kupata baiskeli kwa njia hiyo, baada ya kutembea amechutama kutoka getini hadi barazani. Mimi sikuwahi kupata hata pipi. Nilikuwa na pumzi ya mafua isiyoisha, na Bibi alinitaja kabla sijamaliza kubisha. "Zeyana, ingia, utapata homa huko nje."

Watoto wa jirani nao walikuja kucheza, wakarudi kwao kueleza kwamba ile ni mila ya Zanzibar. Bibi hakuwahi kuishi Zanzibar hata wiki moja, lakini kwa watu wa pale kila asemaye Kiswahili ni Mzanzibari. Sisi wenyewe tulijua zaidi, au tulidhani tunajua. Bibi akiulizwa alisema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu Lushoto," basi tukaamini ni mila ya Wasambaa. Nikaiandikia insha ya shule, "Desturi za wazee wetu wa Afrika," nikaisoma mbele ya darasa kifua mbele. Kumbukeni insha hiyo, maana nitaionea haya baadaye.

Sasa nije kwa Shangazi Tatu.

Babu yangu Nasoro alikuwa mtu wa malori. Alinunua vitu Tanga, akauza bara mpaka Tabora, na huko Tabora, bila kumwambia mtu, akaoa mke wa pili. Bibi alipopata habari hakupiga kelele. Alipanda lori, akasafiri siku mbili, akafika mlangoni kwa mwanamke huyo, akamtazama usoni, akanywa maji aliyopewa, akarudi Lushoto. Hayo yote niliyasikia kwa Mama, kwa sauti ya chini, maana Bibi mwenyewe hakuyagusa kamwe. Babu alifariki nikiwa bado nanyonya. Na mimi, katika maisha yangu yote, sikuwa nimemsikia Bibi akitaja jina la mumewe. Alikuwa "marehemu," basi.

Mwaka niliotimiza miaka minane, Baba alikwenda uwanja wa ndege kumpokea dada yake, mtoto wa yule mke wa Tabora. Mama yake alikuwa amekufa, na Baba alikuwa amehangaika na karatasi muda mrefu ili aweze kuja kwenye nchi ya baba yake. Bibi aliambiwa mapema. Jibu lake lilikuwa moja.

"Nyumba hii ndogo."

"Mama, yule ni damu ya baba," Baba akasema.

"Damu yake, si yangu. Na la kuvunda halina ubani."

Kwa hiyo Shangazi Tatu akapangishiwa chumba nyuma ya duka la vyombo, yeye na cherehani yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mweusi, mwenye uso wa mviringo na mwanya mpana. Baba alisema kwamba kwa sura ni yule mama yake wa Tabora mtupu, hakuna alipomwacha. Nilimpenda siku ya kwanza. Aliniruhusu kuzungusha gurudumu la cherehani, na aliniuliza maswali kama vile nilikuwa mtu mzima mwenye habari muhimu. Alikuwa na mwendo wake wa ajabu: mguu wa kushoto ukitazama nje, na kila baada ya hatua chache alisita kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kufunga mlango. Nilimwiga nyuma yake naye akacheka. Baba hakuwa na mwendo huo. Baba alitembea kama Bibi, mbele kwa mbele.

Ibra ina soko la wanawake siku ya Jumatano. Wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, na mwanamume akikatiza pale hutazamwa mpaka akaikumbuka njia yake. Mabedui wa kike huja na barakoa zao nyeusi zenye pua ndefu, wameficha uso wote isipokuwa macho. Bibi alijisifu kwamba anawajua wote kwa vidole. "Uso ni mlango wa mbele," alikuwa akiniambia, "kila mtu huupaka rangi. Wewe tazama mengine." Shangazi Tatu akaanza kuuza pale kofia alizodarizi na magauni ya watoto. Alikaa juu ya mkeka tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Nilikuwapo Jumatano ya kwanza Bibi alipomfikia, nimeshikwa mkono. Shangazi alimjua, sijui vipi. Labda alikuwa ameonyeshwa picha. Alipiga magoti palepale nyuma ya kofia zake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Mnaojua Kiswahili mnajua shikamoo ni nini. Hata adui yako akikuamkia hivyo unaitikia, kisha mnaendelea na uadui wenu. Bibi alimtazama usoni muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akamgeukia Bedui wa mkeka wa pili, akauliza bei ya kitambaa ambacho hakukihitaji. Mkono wake uliubana wangu mpaka ukaniuma. Nyuma yetu ile shikamoo ilibaki pale bila mwenyewe, na tangu siku hiyo Bibi akawa anapita mstari mwingine wa soko.

Mambo yalikaa hivyo mwaka mzima. Baba alikwenda kumwona dada yake kila Ijumaa, akirudi na uso wa mtu aliyekula ndimu. Mimi nilikwenda kila nilipopata mwanya. Na Jumatatu moja, wiki ile ile ya kuanza likizo, nikamkuta Shangazi anakunja vitambaa na kuvipanga sandukuni.

"Jumamosi naondoka, mwanangu," akasema. "Narudi Tabora."

Nikamwuliza kwa nini. Akaketi juu ya sanduku.

"Nimekuja kutafuta watu wa baba yangu. Baba yako ni mwema, Mungu amlipe. Lakini huwezi kukaa mji ambao mkubwa wa nyumba hakuitikii salamu. Watu wanaona. Kila Jumatano wanaona."

"Ukienda utarudi lini?"

"Tabora na hapa si mlango na dirisha," akasema. Nikaelewa kwamba harudi.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikawa na mpango. Niseme ukweli, niliuona mzuri mno, na hata leo naona haukuwa mbaya kwa mtu wa miaka tisa. Alhamisi ilikuwa siku ya magunia. Shangazi Tatu angeingia ndani ya gunia. Bibi hangeweza kumtambua, maana ni nani angefikiria kwamba yeye yumo? Angetaja majina matatu na kushindwa. Kisha Shangazi angeomba kitu kimoja, naye hangenyimwa: angeomba kupokelewa. Masharti ni masharti.

Nilipomweleza Shangazi, alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole. Nilijiandaa kubembeleza. Badala yake akasema, "Kumbe ndivyo mnavyofanya Waarabu? Mgeni anajifunika kwanza, ndipo anapokelewa?" Akafikiri. "Basi ndiyo maana. Mimi nilimwamkia uso wazi, sokoni, kama mtu asiye na adabu. Baba yako mbona hakuniambia?"

Ningeweza kumsahihisha. Ningeweza kumwambia kwamba ni mila ya Wasambaa, ambayo nayo, kama mtakavyoona, haikuwa kweli. Lakini nilimwona anaanza kufungua sanduku atafute nguo safi ya kuvaa ndani ya gunia, nikanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilihitaji ifike Alhamisi tu.

Siku mbili nilimfundisha kama mwalimu wa gwaride. Asikohoe. Asiguse pua. Mikono ibaki ndani, maana Bibi hujua vidole. Viatu vilinisumbua, kwa sababu jicho la Bibi lilianzia chini daima. Nikaiba ndara za Mama, zile za kahawia. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kimoja.

Alhamisi ilikuwa ya baridi kavu, mbingu nyeupe. Nilimwacha Shangazi amejificha nyuma ya ukuta na gunia lake, nikamwambia aingie wa mwisho. Hilali aliingia wa kwanza, akatambuliwa, akakaa miguuni pa Bibi na kitumbua mdomoni. Mimi nikaingia, nikatambuliwa kabla ya kufika nusu ya uwanja, kama kawaida. Watoto wa jirani watatu wakafuata, wote wakaangushwa. Baba alikuwa amekaa kando akimimina kahawa. Mama alikuwa jikoni akikaanga vitumbua vya pili, nasi tulimsikia akiimbaimba.

Kisha fimbo ikabisha mara tatu.

"Karibu, nisiyekujua," Bibi akasema.

Gunia lilisukuma geti likaingia. Nilitazama ndara za Mama zikipiga hatua kwenye ile saruji iliyopasuka, na hapo ndipo nilipoona nilichosahau. Mguu wa kushoto ulitazama nje. Hatua nne, kusita kidogo. Hatua nne, kusita. Nilimfundisha kila kitu, sikumfundisha kutembea.

Baba aliacha kumimina. Najua alimjua dada yake palepale, kwani kahawa ilijaa kikombe ikamwagika sinia zima. Nilimgeukia Bibi. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa amelikamata shali lake kwa mikono yote miwili.

Watoto wa jirani wakaanza kunong'onezana. Ndipo Bibi akasema, "Ni Hilali."

Hilali alimtazama kutoka chini, kitumbua kikiwa bado mdomoni. "Bibi, mimi niko hapa."

"Kweli," akasema Bibi. "Moja hiyo imepotea." Akangoja tena. Sauti ya Mama ilitoka jikoni, ikiuliza nani kachukua ndara zake. "Basi ni mama yako," Bibi akasema.

Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mimi sikucheka, nilikuwa na furaha ya kupasuka. Bibi amezeeka, nilijisemea. Mawili yamekwisha, limebaki moja. Bado kidogo tu na Shangazi angeomba.

"Limebaki moja," Bibi akasema naye. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote. "Tembea mpaka kwenye tangi, urudi."

Gunia likatembea. Hatua nne, kusita. Likagusa tangi, likarudi.

"Tena."

Likaenda tena, likarudi. Hakuna aliyecheka sasa. Hata watoto walihisi kwamba mchezo umegeuka kitu kingine, ingawa hatukujua ni nini.

"Tena," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mara ya tatu gunia liliporudi na kusimama mbele ya baraza, Bibi alikuwa analia bila kujificha, kama watu wanavyolia wakiwa peke yao. Nikamsikia anasema, wazi kabisa, "Huyu ni mtoto wa Nasoro."

Mpango wangu ukafa. Nakumbuka uchungu wake: amemtambua, hana tena haki ya kuomba kitu, Jumamosi anaondoka, na kosa ni langu. Sikulisikia hata lile jina alilolitaja, jina ambalo nyumba nzima haikuwahi kulisikia kinywani mwake. Baba alilisikia. Alifunika macho kwa kiganja.

"Umejulikana," Bibi akasema. "Vua."

Shangazi alivua gunia. Nywele zilikuwa zimejaa nyuzi za katani, na ule uso wa mviringo ulikuwa umelowa jasho na machozi. Ulikuwa uso wa Tabora, uleule ambao Bibi aliusafiria siku mbili ili autazame. Bibi akautazama. Haikuwa pumzi moja kama sokoni. Aliutazama mpaka akatosheka. Shangazi akaanza kupiga magoti, akafungua mdomo ili aamkie, kwa kuwa sasa alidhani mila imetimia na ameruhusiwa.

Bibi akamtangulia.

"Marahaba," akasema.

Shangazi alikuwa bado hajasema neno. Nilidhani Bibi amechanganyikiwa. Kisha akaligonga sinia kwa kidole, lililojaa kahawa iliyomwagwa na Baba. "Aliyejulikana hukaa akala. Zeyana, mletee mto. Na wewe, Tatu, mrudishie mkwe wangu ndara zake."

Jumamosi ikaja, Shangazi hakuondoka. Mwezi uliofuata cherehani ikahamia chumba cha pili kutoka jikoni. Sitawadanganya kwamba wakawa mama na mwana kwa siku moja. Walisusiana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya namna ya kukunja shuka. Lakini Jumatano walikwenda sokoni pamoja, na Bibi akawa anakaa juu ya mkeka wa kofia, akiwaambia wateja bei kabla Shangazi hajafumbua kinywa.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Nikapata kazi ya kutembeza wageni Nizwa, ngomeni na sokoni. Siku moja nilikuwa na kikundi cha Wajerumani wazee, na katika kupumzika nikawasimulia, kwa fahari ileile ya insha, mila ya Wasambaa ya kuvaa magunia. Mmoja wao, bi kizee, akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kwamba mchezo huo ni wa kwao, wa mwezi wa Desemba, na kwamba watu wao walioondoka kwenda kulima nchi za mbali walikwenda nao: kwenye baridi walivaa ngozi za kondoo zilizogeuzwa ndani nje, na kwenye joto walivaa walichokipata. Alikuwa na mjomba, akasema, aliyelima kahawa Afrika. Hakukumbuka wapi.

Jioni hiyo niliendesha gari mpaka Ibra. Bibi alikuwa amezeeka sana, kalala kitandani, na Shangazi Tatu akimkata kucha. Nikamwambia, "Bibi, umenifanya nisome uongo mbele ya darasa. Ile ni mila ya Wajerumani."

"Sasa nani alikwambia ni ya Wasambaa?" akajibu. "Mimi nilisema kwetu. Kwetu ni pale dukani kwa baba."

Akatusimulia. Duka lilikuwa njiani kati ya mashamba mawili ya Wajerumani. Kila Desemba walipita kwenda kutembeleana, wamevaa magunia ya mazao yao na barakoa za mti, wamefunga kengele za ng'ombe viunoni, na mwaka mmoja mvua iliwakamata wakaingia dukani. Yeye alikuwa mtoto, akajificha nyuma ya mapipa ya mafuta. Baba yake hakushtuka. Alitazama chini, akawataja wote mmoja mmoja, kwa sababu kamba za viatu vyao aliwauzia yeye. Walicheka, wakavua, wakala tende na kunywa kahawa. Wakawa wanakuja kila mwaka, mpaka vita vilipokuja na Waingereza wakawakusanya wote kuwapeleka mbali. Desemba ile hakuna aliyebisha. Baba yake alikuwa ametengeneza kahawa, akakaa, akangoja mpaka ikapoa. Mwaka uliofuata Bibi mwenyewe akajivika gunia, akatoka kwa mlango wa nyuma, akabisha wa mbele, ili baba yake apate mtu wa kumtambua.

Shangazi Tatu aliacha mkasi. "Mimi nilidhani ni mila ya Waarabu," akasema. "Miaka yote hii." Bibi alicheka mpaka tukamwinua tumpe maji.

Nikaona ni wakati wa kuuliza. "Siku ile, Bibi, ulimtambua lini?"

"Alipotia mguu getini."

"Na Hilali? Na Mama?"

"Nilikuwa namwomba Mungu anipe la kusema," akajibu. "Hakufanya haraka."

"Na kumtembeza mara tatu?"

Hilo hakunijibu. Alimtolea Shangazi mkono mwingine, kucha ziendelee.

Bibi ametutangulia siku nyingi, Mungu amrehemu. Kiti chake sasa ni cha Shangazi Tatu, na shali ni lake. Lile gunia la Nizwa nililinunua, mwenye duka akistaajabu, na Januari hii tulikutana Ibra kama kila mwaka. Ruqaya, yule mwenye haya, alikataa kwa siku mbili, kisha akalivaa.

Aliingia getini. Mimi ni mama yake, nimemwona akitembea tangu hatua ya kwanza, na sikuwahi kuona kitu. Siku zote nilikuwa natazama ule uso wake mzuri. Sasa uso ulikuwa umefunikwa, na nilichokiona kikivuka saruji ni mguu wa kushoto unaotazama nje. Hatua nne, kusita kidogo. Hatua nne, kusita. Babu Nasoro, ambaye sikumjua, alikuwa anarudi nyumbani. Nikaelewa kwa nini Bibi hakunijibu.

Shangazi Tatu alikuwa ameukamata ukingo wa shali.

"Ni Hilali," akasema. Hilali, mwenye kitambi na watoto wanne, alikuwa amekaa palepale miguuni pake. Watoto wakacheka.

"Basi tembea," Shangazi akamwambia mgeni. "Mpaka kwenye tangi, urudi."

Akaenda, akarudi.

"Tena," akasema Shangazi.